Herufi Moja katika Wimbo wa Masolwa

Shamba la Gereza,
Njia ya Kaliua.
Jumatatu, 3 Novemba 1975

Dada yangu Zamda,

Shikamoo. Na pokea shikamoo nyingine ya Idi, maana Idi imepita na sikukuandikia hata mstari mmoja. Natumaini barua hii itakukuta u mzima, goti lako la kushoto limepoa, na wale wapangaji wa chumba cha uani wameacha kukumalizia kuni. Mimi mdogo wako mwili haujambo. Nakula, nalala, na ile homa ya mwezi wa tisa iliniachia yenyewe. Nikisema na moyo haujambo nitakuwa naanza barua kwa uongo, nao uongo umenichosha.

Barua yako niliipata Jumatano, na kwanza sikuijua. Nilizoea mwandiko wa yule jirani uliyekuwa ukimbembeleza akuandikie, nikaigeuza bahasha mara mbili nikidhani ni ya mtu mwingine. Kumbe ni mkono wako mwenyewe! Basi darasa la ngumbaru ulikwenda kweli, hukwenda kupiga soga na wenzio kama nilivyokuwa nikikutania. Hongera sana, Dada. Herufi zako kubwa kama vichuguu na mistari inapanda mlima na kushuka, lakini kila neno nimelisoma, hata yale ambayo ningependa nisiyasome.

Umenieleza kwamba mkwe wangu, Mzee Mabruki, alikuja kwako Jumapili asubuhi na mkokoteni, na juu ya mkokoteni ilikuwa ile cherehani ya miguu niliyomtolea mke wangu Tatu mahari. Akaishusha barazani mbele ya majirani. Akasema mume wa binti yake amesimama uwanja wa Sabasaba, mbele ya mkoa mzima, akadai arudishiwe mahari yake, basi mahari ndiyo hiyo, na yeye alete talaka. Akasema hakuna hata mtoto wa kuwafunga hawa wawili. Akakupa muda mpaka mwezi huu wa kumi na moja uishe, halafu anakwenda kwa shehe. Nawe ulimwapia kwamba mdogo wako hawezi kumwimbia mkewe neno kama hilo, ukaifunika cherehani kwa shuka, ukaniandikia swali moja tu: niliimba au sikuimba?

Nitakujibu. Lakini ukinijibisha haraka utanielewa vibaya, kwa hiyo nivumilie nianzie nyuma kidogo.

Kwanza ujue kwamba barua zote zinazoingia hapa hufunguliwa ofisini. Barua yako ilisomwa na watu watatu kabla yangu. Bwana Jela, ambaye ni mtu wa Tanga na anapenda mzaha, aliniita mbele ya askari akanipa mkono wa pongezi. Akasema hajapata kuona mfungwa aliyeimba mpaka mahari ikarudi kwa mkokoteni, na kwamba wengine wote wanaimba wee hawapati hata tumbaku. Askari wakacheka. Nikacheka nami, Dada, mpaka machozi yakatoka, nikashukuru kwamba yapo machozi ya kucheka, maana hakuna aliyeniuliza kitu.

Hii yangu haipiti ofisini. Inakuja na Anselm, mtu wa Urambo, ambaye anamaliza kifungo Ijumaa na atapitia Tabora kumwona mganga wa meno. Nitaishona ndani ya mkanda wa suruali yake kwa mshono wa chini kwa chini, ambao hata mimi mwenyewe nikiutazama siuoni. Kwa hiyo usishangae ikinuka jasho. Mpe uji huyo Anselm, ni mtu mwema, alikuwa akipiga ngoma yetu.

Sasa nianze. Unakumbuka nilivyoingia humu. Nilimpiga Ngollo, fundi mwenzangu, kwa pasi ya mkaa, kwa sababu alicheka kola niliyoishona. Kola, Dada! Jicho la mtu likaenda kwa ajili ya kola. Nikapewa miaka minne, na miezi ya kwanza niliimaliza kwa kuwaambia watu wote humu kwamba Ngollo alianza. Nilikuwa nikigombana na mtu wa kulia kwangu na mtu wa kushoto kwangu, na usiku nikigombana na ukuta. Nyapara alinibandika jina la Pasi. Hakuna aliyetaka kulima mstari mmoja nami.

Mzee Masolwa ndiye aliyekubali. Yeye ni mkulima wa Isanga, huko mbele ya Igunga, mtu wa miaka hamsini na zaidi, mwembamba, kifua chake kinakohoa tangu siku niliyomjua. Kosa lake nitakwambia kama alivyonieleza. Mwaka jana walipohamishwa kwenda kijiji kipya, alihama na wenzake, akapewa kiwanja kwenye mstari, akajenga. Halafu akarudi kwake kwa miguu. Wakamrudisha kijijini. Akarudi tena. Mara ya tatu walimkuta amekaa kwenye jivu la nyumba yake, karibu na makaburi ya mke wake wa kwanza na wanawe wawili, hafanyi chochote, amekaa tu. Akafungwa miaka mitatu kwa kukaidi amri.

Huyu mzee alikuwa akiimba tukilima. Si kwa sauti kubwa, ni kama mtu anayesema na jembe. Wimbo aliupata kwa babu yake, ambaye alikuwa mpagazi, alibeba pembe za watu kutoka hapa Unyanyembe mpaka Bagamoyo na kurudi, zaidi ya mara moja. Ile njia yao ya zamani inapita nyuma ya shamba letu la tumbaku, unaona bado udongo ulivyobonyea. Mdundo wa wimbo ni wa mguu wa mpagazi, na baada ya kila mistari mitatu kuna kimya. Masolwa alinieleza kwamba pale ndipo wapagazi walipotua mizigo wakavuta pumzi, na mtu akiimba juu ya kimya kile anawaibia wenzake pumzi.

Unanijua mimi. Nilikuwa naingia kwenye kile kimya kila mara. Yeye hakunikaripia. Alinyamaza tu, akaacha kulima, mstari mzima ukasimama, na watu kumi na wanane wakanitazama. Siku nyingine nilitamani kumrukia. Lakini Dada, ilikuja siku nikangoja. Sijui ilikuwaje. Nikameza mate, nikangoja, nikasikia pumzi za wale watu wote zikitoka pamoja, kisha Masolwa akaanza tena, nami nikaitikia mahali pake. Nikajisikia mtu miongoni mwa watu. Tangu siku ile hata neno Pasi likaanza kufifia, na nilipomwomba Koplo Tobias anitafutie anwani ya Ngollo ili nimwandikie radhi, hakuamini kwamba ni mimi.

Masolwa akatengeneza zeze kwa kibuyu na waya wa breki ya baiskeli. Anselm akapata debe. Jioni, baina ya kula na kuhesabiwa, tukawa tunaimba mbele ya bweni, na watu wa makabila yote wakaja, hata wale waliokuwa hawaelewani kwa mambo ya zamani. Bwana Jela akatusikia. Akasema magereza mengine yana kwaya na sisi tuna kelele, sasa kelele hizi zitakuwa kwaya, na tutakwenda Tabora kuimba siku ya Sabasaba.

Ila kulikuwa na sharti. Maneno ya kila wimbo yaandikwe kwanza, yapelekwe ofisini, halafu kwenye kamati ya Chama, wayapitishe. Mimi ndiye niliyekuwa na mwandiko, kwa hiyo nikawa karani wa kwaya. Nikapewa daftari na kalamu. Masolwa akawa ananiambia, mimi naandika.

Wimbo wake unaujua, Tabora nzima inaujua. Mmenipa mpya, siitaki. Nzuri kweli, siitaki. Nimetembea nimechoka, nirudishieni ile yangu. Kisha linakuja lile neno lako la kwenye barua. Ofisini waliupenda mno. Bwana Jela alisema ni kichekesho cha mume mkaidi aliyekimbiwa na mke, anapewa mke mwingine hataki, anang'ang'ania mahari yake. Kamati nayo ikaupitisha. Wakaandika pembeni kwamba una mafunzo ya ndoa.

Siku ya Sabasaba tulivaa sare zilizofuliwa na kupigwa pasi, mimi mwenyewe nilizipiga. Tulipanda lori saa kumi na moja alfajiri. Nilipoyaona mabati ya stesheni ya Tabora roho yangu ilikwenda mbio. Uwanja ulijaa. Masolwa alianza kwa zeze, sisi tukaitikia, na tulipofika kwenye lile neno mimi nilisogea mbele nikalitoa kwa nguvu, maana ndivyo tulivyopanga. Loo! Uwanja ulicheka. Wanawake wa mjini walipiga vigelegele, wakapeana mikono. Viongozi jukwaani walipigana mabega.

Nilimwona Tatu. Alikuwa amesimama karibu na wauza mihogo, amejifunga kanga za kijani. Alinipungia mkono kabla hatujaanza. Tulipofika kwenye neno, alicheka na wenzake, kisha akaacha kucheka. Alinitazama. Tuliporudia mara ya pili hakuwapo, nikadhani jua limemshinda akatafuta kivuli.

Na kitu kingine nilikiona siku ile. Kule mwisho wa uwanja, walikosimama watu waliokuja na malori ya vijiji, hakuna aliyecheka. Wazee walivua kofia. Bibi mmoja alitua kikapu chake chini akashika kichwa. Tulipomaliza walisimama vile vile, na mmoja wao akasema wabeja, ile asante ya kwetu ya shamba, akaisema polepole kama anayepokea kitu msibani. Bwana mmoja wa Chama akawaona, akamuuliza Bwana Jela kwa nini hawa wanalia kwa habari ya mahari. Bwana Jela akanigeukia mimi karani, akaniuliza neno ni lipi hasa. Nikamjibu kwamba ni mahari, bwana mkubwa, watu wa huku wanaiheshimu sana mahari. Akatosheka. Koplo Tobias, ambaye kwao ni Igunga, alinitazama akatazama pembeni, na mpaka leo hajasema kitu.

Tukapata zawadi ya kwanza. Bwana Jela kwa furaha akaahidi kwamba mwenye wimbo ataombewa msamaha wa siku ya Uhuru, tarehe tisa Desemba. Na ameshika ahadi. Jina la Masolwa limekwenda Dar es Salaam, na wiki iliyopita tumesikia kwamba halijakatwa. Zimebaki siku thelathini na sita. Sisi wa kesi za damu hatumo kwenye orodha, wala sikutegemea. Lakini mzee, Dada, asipotoka mwaka huu hatoki. Anakohoa damu. Anaificha kwenye majani ya mgomba, nami ninayazika. Humu ndani hilo ndilo tunalolingoja sote, hata wale ambao hawaimbi, kwamba Masolwa atoke akiwa na miguu yake.

Huko kwenu nako wimbo ukawa mali ya watu. Umeniambia mwenyewe kwamba mwezi huu wa harusi baada ya mfungo hakuna nyumba ambamo haukuimbwa, na kwamba kwenye harusi ya Gongoni wale wanawake walimgeukia Tatu wakamwimbia usoni, mmoja akamtania kwamba mumewe amechoka kungoja akiwa ndani badala ya yeye aliye nje kuchoka. Akatoka bila kula. Masikini Tatu. Miezi kumi na minane amenisubiri kwa kushona magauni ya watu, na mimi nimewapa watu wimbo wa kumsuta.

Sasa Dada, kama umesimama, kaa.

Niliimba. Tatu hakusikia vibaya, nawe ulimwapia baba yake bure. Nilitamka mahari, kwa herufi ya r iliyo wazi kabisa. Lakini Masolwa hajapata kutunga wimbo wa mahari maisha yake yote. Neno lake ni mahali. Mahali alipotoka, kule kwenye jivu na makaburi. Unawajua ndugu zetu wa shamba wanavyosema, r na l kwao ni mamoja, wala hawasumbuki na mahali pangu, wao wanasema mahali yangu. Yeye anaimba nirudishieni mahali yangu. Mmenipa mpya, siitaki. Soma tena maneno yale ukiwa na neno hilo, utaona hakuna kichekesho hata kidogo. Wale wazee wa kwenye malori hawakuhitaji kuelezwa.

Nami nilijua. Nisikufiche. Siku ile kalamu iko mkononi nilijua anasema nini, na nilijua ofisi ikisoma mahali itaufuta wimbo, na kwaya haiendi Tabora. Usije ukadhani nilitaka kumwokoa mzee. Sikumfikiria. Nilitaka kwenda Tabora. Nilitaka Tatu anione nimesimama wima, nimevaa nguo safi, watu wananipigia makofi, asinikumbuke na pingu za siku ya hukumu. Basi nikaandika r.

Na si hilo tu. Tulipofanya mazoezi Masolwa alisikia ulimi wangu unakwenda pengine. Akaliweka zeze chini, akaniuliza mbona neno silitamki kama yeye. Nikamwambia hivyo ndivyo Kiswahili safi cha mjini kinavyotamkwa, na yeye asione haya, ni ulimi wa shamba tu. Akaniamini! Akajaribu kulisema kama mimi, mara tano, sita, akashindwa, akacheka mwenyewe. Ndipo akasema neno hilo nilitoe mimi mbele ya wakubwa, kwa kuwa fundi ni mtu wa mjini, atalitamka vizuri, wakubwa wamwelewe. Alinikabidhi neno lake kwa mikono miwili, Dada, na mimi nikalitupa.

Hajui mpaka leo. Tukirudi kwenye lori aliniuliza mbona watu walicheka. Nikamwambia wamefurahi. Akasema pengine watu wa mjini hufurahi hivyo. Na tangu harusi zilipoanza, wageni wa Jumapili wakileta habari kwamba wimbo unaimbwa huko, anawauliza kama kweli, wanamwambia kweli, naye analala akiwa na furaha. Anasema sasa Tabora nzima inaijua mahali yake. Jana ameniambia kwamba hata akifia njiani hana kinyongo, kwa sababu ombi limefika. Mimi nalala mkeka wa pili kutoka kwake. Namsikia akikohoa, namsikia akiuimba wimbo kwa pumzi ndogo, na nikiziba masikio nausikia vile vile. Hakuna kona ya bweni hili isiyofikiwa na sauti yake.

Sasa unaona nilipo. Ningekwambia tu nenda kwa Mzee Mabruki, mweleze kwamba ni mahali, mambo yaishe. Lakini mkwe wangu ni balozi wa nyumba kumi, na ni mtu mnyofu, ndilo tatizo lake. Akisikia kwamba wafungwa wameimba mbele ya viongozi kupinga vijiji, ataona ni wajibu wake, na jioni hiyo hiyo Chama kitajua. Jina la mzee litakatwa, na watamsomea kosa lile lile upya. Tatu naye hajapata kumficha baba yake kitu, nami nilimpendea hilo. Na nikimwambia Masolwa mwenyewe, namjua, ataondoka hapo alipokaa aende ofisini kwa miguu yake akaseme neno lake, ili mke wa mtu asipotee kwa ajili yake. Kwa hiyo nimeificha barua yako. Aliponiuliza nilimwambia umetusalimu, akafurahi, amekuita mayu, yaani mama, na amesema salamu zake uzipokee kama za mwanao.

Nimefikiri siku tano. Nimetafuta mlango kila upande, sikuuona. Kila anayeweza kunisaidia nikimwambia namwua mzee. Nimeshawahi kumwondolea mtu jicho kwa hasira, siwezi tena kumwondolea mtu uhai kwa utulivu. Pengine ningekuwa yule wa pasi ningeweza.

Basi jibu langu kwa Mzee Mabruki ni ndiyo. Niliimba, na nilikusudia. Ipokee cherehani rasmi, mbele ya shahidi. Chini ya barua hii nimepiga mstari na kuandika maneno anayoyataka. Kata karatasi kwa mkasi pale pale kwenye mstari, umpe kipande cha chini, na hiki cha juu ukichome jikoni usiku huo huo, usikiache hata kwa ukumbusho wangu. Nimetoa talaka moja. Jina lake sikuliandika makusudi, nimeandika binti ya Mzee Mabruki, kwa sababu nikiandika namwacha Tatu karibu na neno talaka, walimwengu hawa wataapa kwamba nimetoa tatu. Cheka kidogo, Dada. Mimi nimecheka.

Tarehe tisa ikipita, na ukisikia kwa uhakika kwamba Masolwa ametoka na amefika, ndipo umwite Tatu faraghani umweleze neno lilikuwa nini. Usimwombe kitu. Usimlilie. Ninaloliogopa kuliko yote, na sijamwambia mtu mwingine, ni kwamba huenda alikuwa amechoka tangu zamani akangoja sababu, na mimi ndiye niliyempa, tena kwa mdundo. Ikiwa ni hivyo niache nisijue.

Nisalimie jirani yako wa kisimani na mumewe. Waombee dua wazee wetu waliotangulia, na mimi ukinikumbuka katika sala usiniombee kutoka mapema, mwombee yule mzee afya ya siku thelathini na sita. Usijibu barua hii. Ukiandika, andika habari za mvua na goti lako, na neno moja la kunilaumu kidogo kwa kumdai mke wangu mahari uwanjani, ili ofisini wasome.

Ni mimi mdogo wako akupendaye na akuchoshaye,

Shaban

- - - - - - - - - - - - - - - - - - - - - - - - - - - -

Mimi, Shaban bin Nassibu, fundi cherehani wa Isevya, Tabora, nikiwa na akili zangu timamu na bila kulazimishwa na mtu, nakiri kwamba nilidai mahari yangu hadharani siku ya Sabasaba, na kwamba mahari hiyo, cherehani moja ya miguu, imepokewa kwa niaba yangu na dada yangu. Kwa hiyo namwacha mke wangu, binti ya Mzee Mabruki, kwa talaka moja, kuanzia leo. Hana kosa lolote kwangu. Neno nililoliimba ni mahari, wala si jingine.

Shaban bin Nassibu
3 Novemba 1975